Kati ya Nahodha na Baharia: Habari za Serahangi, Tindali na Michman

Mtu asimamaye pwani ya Wete au ya Mkoani akalitazama jahazi linaloingia bandarini, aghalabu macho yake humwendea nahodha kwanza, kwa kuwa yeye ndiye mwenye chombo au ndiye aliyeaminiwa na mwenyewe. Kisha huwatazama mabaharia, maana ndio wengi, na sauti zao za kuvutia kamba husikika toka mbali. Walakini kati ya nahodha na mabaharia yuko mtu wa tatu, ambaye hatazamwi sana, wala vitabu havimtaji sana. Watu wa pwani yetu walimwita serahangi. Yeye ndiye apokeaye neno la nahodha akaligeuza kuwa kazi ya mikono. Na neno la mabaharia likitaka kupanda juu, hupitia kwake vilevile.

Leo twapenda kusema habari za mtu huyo wa katikati. Tutamtafuta katika majahazi yetu, kisha katika manowari za Waingereza zilizoizunguka Pemba wakati wa kuzuia biashara ya watumwa, na mwisho tutakwenda mbali mpaka Urusi, ambako cheo chake huitwa michman, na mkubwa wake huitwa starshi michman, yaani michman mkuu. Msomaji asistaajabu kuona Pemba na Urusi zikitajwa pamoja. Tutaona mbele kwamba merikebu moja iliyotuma mashua zake Pemba ilikuwa imekwisha onja mizinga ya Warusi.

Kwanza jina. Nahodha ni neno la Kiajemi, maana yake bwana wa chombo. Serahangi nalo ni la Kiajemi, na huko kwao ni jina kubwa: katika jeshi la Uajemi mpaka leo sarhang ni kanali. Lilipopanda chombo likavuka bahari mpaka Bara Hindi na kwetu, likashuka cheo, likawa jina la mkubwa wa mabaharia. Maneno nayo husafiri kama watu, na si kila msafiri afikaye na heshima ile aliyotoka nayo kwao. Tulikumbuke jambo hili, kwa kuwa jina la michman nalo lilipatwa na mambo kama hayo.

Kazi ya serahangi ilikuwa kila kitu kisicho kazi ya nahodha. Nahodha huijua njia, huzijua nyota na pepo, huonana na matajiri na wenye forodha. Serahangi hukijua chombo chenyewe. Ajua kamba ipi imekwisha kuliwa na chumvi, tanga gani halitastahimili kusi, shehena ikae wapi jahazi lisilale upande mmoja, na nani kati ya mabaharia hujifanya mgonjwa zamu ya kukumba maji inapomfikia. Nahodha akikosa maarifa, chombo kitapotea njia. Serahangi akikosa maarifa, chombo kitazama kikiwa kwenye njia iliyo sawa.

Wazungu waliokuja katika bahari yetu na merikebu za vita walikuwa na mtu kama huyu, wakamfanyia cheo chenye hati. Sisi twaziita merikebu hizo manowari, na neno hilo tulilipata kwao wenyewe, tukalitamka kwa ulimi wetu. Katika manowari ya Kiingereza ya zamani, kabteni na maofisa wake walipewa uofisa kwa hati kubwa. Baharia wa kawaida hakupewa hati yoyote. Katikati walikuwako watu watatu wenye hati ndogo: mkubwa wa kamba na matanga, mkubwa wa mizinga, na seremala wa merikebu. Kwa ajili ya hati hiyo waliitwa maofisa wa waranti, na katika jeshi la Tanzania cheo cha namna hiyo huitwa Afisa Mteule. Desturi ya Waingereza ilikuwa kwamba watu hao ni wa merikebu yenyewe. Kabteni huja na kuondoka, mabaharia hulipwa wakatawanyika, lakini hao watatu walibaki na merikebu hata ilipofungwa bandarini bila kazi. Katika hilo twaona wazi jinsi walivyothaminiwa. Ila hawakula meza moja na maofisa wakubwa.

Sasa natuje Pemba.

Mwezi wa Aprili mwaka 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja ikaing'oa mikarafuu mingi mno. Pemba ilisalimika zaidi. Tangu hapo kisiwa hiki, ambacho Waarabu walikiita kisiwa cha kijani, kikawa ndicho kitovu cha karafuu, na mashamba yakaongezeka. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash bin Said alitia sahihi mkataba na Waingereza, naye balozi wao John Kirk akiwa ndiye aliyemhimiza, kwamba watumwa wasisafirishwe tena baharini, na soko la watumwa la Unguja lifungwe. Basi mambo mawili yakakutana: mashamba ya Pemba yalitaka watu zaidi, na bahari ikafungwa wasipite. Palipokutana hayo mawili ndipo palipozaliwa biashara ya usiku. Kutoka pwani ya bara hata Pemba ni yapata maili 30 tu. Chombo kidogo chenye upepo mzuri kiliweza kutoka jua likitua, na kabla ya alfajiri watu walikuwa wamekwisha shushwa katika vijito vya mikoko. Ajuaye upande wa magharibi wa Pemba, visiwa vyake vya Fundo, Njao na Misali, na hori zake zinazoingia ndani kama vidole, hatastaajabu kwamba kuwazuia kulikuwa kazi ngumu.

Waingereza walileta merikebu ya kukaa bandarini Unguja iwe kama ngome na ghala ya mashua zao. Jina lake London, nayo ilifika mwaka 1874. Ilikuwa merikebu kubwa ya mbao, ya kale, iliyoshushwa majini mwaka 1840, yenye safu mbili za mizinga. Tarehe 17 Oktoba 1854 London hii ilikuwa mbele ya ngome za Sevastopol, katika vita vya Waingereza, Wafaransa na Waturuki juu ya Urusi, na mizinga ya Warusi iliipiga ikaumia. Miaka ishirini baadaye, mzee huyu wa vita akatia nanga mbele ya jumba la Sultani. Yeye mwenyewe hakufukuza chombo chochote, kwa kuwa alikuwa mzito mno. Waliofukuza ni mashua zake, za makasia na matanga, na nyingine za moshi.

Mashua hizo zilitumwa kukaa Pemba majuma mengi. Kituo chao kilikuwa katika kisiwa kidogo cha Funzi, upande wa magharibi. Katika mashua mlikuwa na ofisa kijana, au mara nyingine hakuna ofisa ila mkubwa wa mabaharia tu, mabaharia wachache wa Kizungu, mkalimani, na watu wa pwani yetu, ambao Waingereza waliwaita Masidi. Walilala ndani ya mashua, mvua ikiwanyea na mbu wakiwala, wengi wakashikwa na homa. Usiku walingoja kwenye vinywa vya hori, pasipo taa.

Hao Masidi ndio tunaowatafuta. Jina lao latokana na neno la Kiarabu la heshima, sayyidi, yaani bwana wangu. Nalo pia, kama serahangi, lilishuka cheo likawa jina la mtu mweusi afanyaye kazi melini. Waliandikwa Unguja, Aden na bandari nyingine za bahari ya Hindi. Walipiga makasia, walichochea moto katika vyumba vya mashine ambamo Mzungu hakustahimili joto, na walikijua Kiswahili, jambo ambalo ofisa wao hakulijua. Katika bahari ya magharibi ya Afrika Waingereza walikuwa na watu kama hao, Wakru wa pwani ya Liberia. Na majina ya mzaha waliyopewa na mabwana zao yalikwenda nao kila walikoandikwa kazi.

Juu ya Masidi palikuwa na mkubwa wao, naye aliitwa tindali, jina lililotoka Bara Hindi. Palikuwa na tindali wa daraja ya kwanza na tindali wa daraja ya pili. Huyu wa daraja ya kwanza ndiye aliyekuwa juu kuliko watu wote wa pwani hii katika manowari. Aliwapa zamu, aliamua ugomvi wao, alikuwa shahidi wao mbele ya kabteni. Amri yake, hata hivyo, ilikuwa juu ya Masidi wenzake. Kijana wa Kizungu aliyeingia merikebuni juzi hakuwa chini yake. Angeweza kutumika miaka ishirini, akaijua pwani ya Pemba kama aujuavyo ua wa nyumba yake, na bado dari ya cheo chake ingekuwa palepale.

Twasema dari kwa kusudi. Cheo cha katikati kina pande mbili. Kwa aliye chini ni ngazi: mtoto wa mvuvi aona kwamba yuko mtu kama yeye anayesikilizwa. Kwa aliye juu ni kifuniko: huwekwa ili wa chini wapande mpaka hapo, wasipite. Cheo kile kile chaweza kuwa ngazi leo na kifuniko kesho, kwa kadiri wanavyotaka wenye kukitoa.

Tena tusijidanganye kwamba kazi ya manowari hizo ilikuwa safi kila siku. Wakati ule serikali ya Kiingereza ilitoa fedha kwa kila mtumwa aliyekombolewa na kwa kila chombo kilichokamatwa, na fedha hiyo iligawanywa kila mtu kwa daraja yake. Maofisa hawakujua lugha. Walimtegemea mkalimani awaambie kama watu waliomo chomboni ni watumwa, au ni mabaharia na abiria, na mkalimani naye alikuwa na sababu zake za kupenda jibu moja kuliko jingine. Katika miaka ya 1860 mabalozi wa Kiingereza wenyewe mjini Unguja walilalamika kwamba vyombo vya biashara ya halali vilikuwa vikichomwa moto. Mwenye jahazi lililochomwa alikuwa amepoteza mali ya maisha yake kwa neno la mtu mmoja aliyesimama katikati. Hata makaa ya mawe yaliyoendesha meli bandarini Unguja yalipakiwa na vibarua ambao wengi wao walikuwa watumwa, na sehemu ya ujira wao ilikwenda kwa mabwana zao.

Juu ya maji ya Pemba tarehe 3 Desemba 1881 palitokea jambo lililosikika mpaka London ile ya Uingereza. Mkubwa wa merikebu London wakati huo alikuwa Kabteni Charles Brownrigg. Alitoka Unguja kwa mashua ya moshi kuzikagua mashua zake zilizokuwa zikilinda Pemba, akiwa na watu kama kumi: karani wake, mshika sukani, wachochea moto, mabaharia wachache, mkalimani na mtumishi. Hakwenda kufukuza mtu. Njiani wakaona jahazi linalopeperusha bendera ya Kifaransa.

Hapa yafaa tueleze jambo la bendera, kwa kuwa ndilo lililomwua. Wafaransa hawakukubali manowari za Waingereza kukagua vyombo vilivyopewa bendera yao. Mwingereza aliruhusiwa kutazama hati tu, aone kama bendera ile ni ya haki. Kwa sababu hiyo watu wengine wa pwani hii na wa Omani walitafuta hati za Kifaransa, wakasafiri chini yake kwa usalama, wengine na bidhaa za halali na wengine na watumwa. Basi Kabteni Brownrigg alilikaribia jahazi kwa nia ya kutazama hati. Watu wake hawakuamriwa kushika silaha.

Mkubwa wa jahazi lile alikuwa Mwarabu, Hindi bin Khatim, na ndani mlikuwa na watumwa. Mashua ilipofika ubavuni, watu wa jahazi wakapiga bunduki, kisha wakarukia ndani na panga. Baadhi ya Waingereza waliuawa, wengine wakatupwa majini. Kabteni akabaki peke yake nyuma ya mashua, akapigana kwa bunduki, na risasi zilipokwisha akaishika kwa mtutu akapiga kwa kitako, mpaka akaanguka. Jahazi likaenda zake. Waliosalia wakarudi katika mashua, wakaiongoza hata Unguja.

Tazameni aliyefanya kazi ya mwisho. Kabteni amekufa, karani wake amekufa, ofisa mwingine hapana. Aliyekusanya waliobaki ni mshika sukani, mtu wa vyeo vya katikati, asiyetumaini kuongoza siku ile ila sukani. Hivyo ndivyo vyeo hivyo hujulikana: si siku ya gwaride, bali siku ambayo wa juu hayupo.

Sultani Barghash alimtuma Pemba mkubwa wa askari wake, Lloyd Mathews, ambaye naye alikuwa amekuja pwani hii kama ofisa kijana wa merikebu hiyo hiyo London. Mathews alimpata Hindi bin Khatim, wakapigana, naye Hindi akafa kwa majeraha. Kabteni alizikwa kisiwani Chapwani, mbele ya mji wa Unguja. Merikebu London ilidumu miaka michache tu baada yake. Mwaka 1884 iliuzwa, ikavunjwa. Biashara ya usiku ya Pemba haikukoma kwa mashua. Ilidhoofika hasa utumwa wenyewe ulipofutwa kwa sheria Unguja na Pemba, mwezi wa Aprili mwaka 1897. Na habari ya bendera ya Kifaransa iliamuliwa na mahakama ya The Hague mwezi wa Agosti mwaka 1905.

Mwaka huo wa 1905, pamoja na ule uliotangulia, Warusi walikuwa karibu nasi kuliko wengi wanavyojua. Urusi ilikuwa ikipigana na Japani. Katika Julai 1904 meli mbili za Kirusi, Peterburg na Smolensk, zilizotoka Bahari Nyeusi kwa sura ya meli za biashara, zilipandisha bendera ya vita katika Bahari ya Shamu zikaanza kukamata meli za mataifa mengine. Waingereza walikasirika sana. Serikali ya Urusi ikataka kuziita zirudi, ila haikujua ziko wapi, wala simu ya upepo haikufika kwao. Mwanzoni mwa Septemba manowari ya Kiingereza iitwayo Forte ikazikuta karibu na Unguja, ikazifikishia amri ya serikali yao wenyewe kwamba ziache kazi ile. Ni ajabu kidogo: Mwingereza akawa tarishi wa Mfalme wa Urusi katika maji yetu.

Miezi michache baadaye likaja jeshi kubwa zaidi. Amirali Rozhestvensky aliongoza merikebu za vita kutoka Bahari ya Baltiki, wengine wakiizunguka Afrika nzima, na tangu Januari mpaka katikati ya Machi 1905 walitia nanga Nosy Be, kaskazini magharibi ya Bukini. Huko joto, maradhi na habari mbaya za vita ziliwavunja moyo mabaharia, ambao wengi walikuwa watoto wa wakulima, hawakupata kuiona bahari kabla ya kuandikwa. Walipofika Tsushima, tarehe 27 na 28 Mei, Wajapani waliwashinda kabisa. Warusi zaidi ya 4,000 walikufa. Mwezi uliofuata, katika Bahari Nyeusi, mabaharia wa manowari Potemkin walikataa nyama yenye funza, ugomvi ukawaka, wakamwua kabteni na maofisa kadhaa. Sababu zilikuwa nyingi, na nyama ilikuwa cheche tu. Lakini kwa maoni yetu merikebu ambayo malalamiko juu ya chakula hayawezi kupanda kutoka sitahani hata kwa kabteni ila kwa bunduki, ni merikebu iliyopoteza serahangi wake, hata kama mtu wa cheo hicho yuko na mshahara hupokea.

Tueleze basi cheo chenyewe. Mfalme Peter wa Urusi alikuwa na hamu kubwa ya mambo ya bahari hata mwaka 1697 akaenda Uholanzi kujifunza useremala wa merikebu kwa mikono yake. Kwa hiyo vyeo vya Warusi vya baharini vina majina ya Kiholanzi na ya Kiingereza. Mkubwa wa mabaharia wakamwita botsman, kwa Kiholanzi. Michman wakalipata kwa Waingereza: ni jina la kijana anayejifunza uofisa, aliyekaa katikati ya merikebu. Mswahili aliyesema manowari na Mrusi aliyesema michman walifanya kazi moja, kila mmoja kwa ulimi wake.

Wakati wa wafalme, michman alikuwa ofisa kijana, aghalabu mtoto wa watu wakubwa, wala hakuwa mtu wetu wa katikati. Mapinduzi ya mwaka 1917 yalifuta vyeo vya zamani. Jina likalala miaka zaidi ya ishirini. Mwaka 1940, serikali ya Kisovieti ililiamsha, ikampa mtu mwingine kabisa: sasa michman akawa mkubwa wa wakubwa wa mabaharia, aliyepanda kutoka chini. Twakumbuka sarhang, kanali aliyegeuka serahangi. Mwaka 1972 michman alitengwa akawekwa daraja yake peke yake, si baharia wala si ofisa, na mwaka 1981 pakaongezwa juu yake starshi michman. Alama yake ni nyota ndogo tatu begani, kwa msitari mmoja. Michman wa kawaida ana mbili.

Kwa nini Warusi walihitaji mtu huyu? Kwa sababu mabaharia wao waliandikwa kwa lazima, wakatumika miaka michache wakaenda zao. Kijana alipoanza kuielewa mashine, siku zake zilikuwa zimekwisha. Merikebu mpya, hasa zile ziendazo chini ya maji kwa nguvu za atomi, hazitaki mwanafunzi wa kudumu. Zinataka mtu aliyekaa miaka kumi na tano na pampu moja, ajuaye sauti yake ikiwa nzima na sauti yake ikiwa mgonjwa. Huyo ndiye michman. Tarehe 12 Agosti 2000 merikebu ya namna hiyo, Kursk, ilipozama na watu 118 wakafa wote, miongoni mwao michman walikuwa wengi.

Hata hivyo mwaka 2009 wakubwa wa majeshi ya Urusi walisema kwamba cheo hiki hakina faida, kwamba wengi wao wamekuwa walinzi wa ghala, na baadhi ya ghala hupungua vitu kwa ajabu. Wakazifuta nafasi zao. Kazi haikufutika pamoja na cheo. Ilimwangukia ofisa kijana asiyeiweza, au askari wa mshahara aliyefika jana. Miaka minne haikupita sana: mwaka 2013 waziri mpya wa ulinzi alizirudisha. Juu ya shutuma ya ghala hatuna neno la kuwatetea, maana mtu wa katikati ndiye ashikaye funguo, na funguo zina majaribu. Waliojua meli za kampuni ya British India, zilizopita Mombasa, Unguja na Dar es Salaam mpaka miaka ya 1970, wajua habari za maserahangi wa Kihindi walioandika mabaharia kutoka vijiji vyao wenyewe, na kwamba kijana wa watu aghalabu alianza safari akiwa na deni kwa serahangi wake.

Kwetu Afrika ya Mashariki cheo cha katikati kilitumika pia nchi kavu. Katika miaka ya 1950 jeshi la King's African Rifles lilikuwa na efendi, aliyekuwa juu ya sajini meja na chini ya ofisa wa Kiingereza. Kwa muda hicho ndicho kilikuwa cheo kikubwa alichoweza kukifikia Mwafrika katika jeshi lile. Kwa neno hilo hilo askari humwita mkubwa wake afande. Majini palikuwa na Jeshi la Majini la Afrika ya Mashariki, lenye kituo Mombasa, lililovunjwa mwaka 1962. Dari hiyo ilivunjika kwa kishindo. Tarehe 20 Januari 1964, Tanganyika ikiwa huru miaka miwili na siku kidogo, askari wa kambi ya Colito karibu na Dar es Salaam waliasi. Walitaka mshahara zaidi, na walitaka maofisa wa Kiingereza waondoke ili wao wapande. Siku chache baadaye askari wa Uganda na wa Kenya nao wakaasi. Jeshi la zamani la Tanganyika likavunjwa, likaundwa jingine.

Katika jeshi hilo jipya, ambalo mwaka 1971 lilipata kikosi chake cha wanamaji kwa msaada wa China, efendi hakuonekana tena, wala tindali. Jina lililoshikwa ni Afisa Mteule, wa daraja ya pili na wa daraja ya kwanza. Basi mwanafunzi akiulizwa starshi michman ni nani kwa Kiswahili, na ajibu kwamba aliye karibu naye ni Afisa Mteule Daraja la Kwanza. Na swali hilo likiulizwa na mzee wa jahazi pale Wete, jibu lake ni neno moja, serahangi.